Kupanda Amani kwa Miguu: Mwongozo wa Kutembea katika Misitu ya Usambara Mashariki

Wageni wengi wanaokwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, hufikishwa juu kwa gari, huzungushwa saa mbili tatu katika bustani ya mimea, hupiga picha kando ya mashamba ya chai, kisha hushuka kabla jua halijazama. Ushauri wangu ni tofauti. Shuka kwenye gari Zigi, penye lango la chini la hifadhi, panda kwa miguu hadi Amani, lala huko usiku mmoja au miwili, na ndipo uzunguke vilima na vijiji vya juu. Msitu wa Zigi na msitu wa Amani si msitu mmoja. Miti hubadilika, ndege hubadilika, hata hewa unayovuta hubadilika, na aliyejishikilia kitini gari likirukaruka juu ya mawe hawezi kuyaona hayo. Anayepanda kwa miguu huyapokea moja baada ya jingine, na mwili wake hupata muda wa kuizoea milima kabla ya matembezi marefu zaidi.

Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Bonde la Lwengera ndilo linaloitenga na Usambara Magharibi, iliko Lushoto. Jambo kubwa la kukumbuka kabla ya safari ni kwamba milima hii iko karibu na bahari. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika ukiwa umebeba unyevu, hukutana na miteremko ya mashariki, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2000 kwa mwaka, na ndiyo maana huwezi kupanga mwendo wako kwa kutazama mbingu ya Tanga mjini. Jua linaweza kuwaka juu ya mashamba ya mkonge kule chini huku Amani kunanyesha tangu alfajiri.

Kuchagua majira

Epuka masika, hasa Aprili na Mei. Hapo udongo mwekundu wa njia huteleza kiasi kwamba hata wenyeji hutembea kwa gambuti na fimbo, vijito huvimba kwa muda mfupi, na barabara kutoka Muheza inaweza kukatika. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni nyepesi zaidi na mtembeaji mwenye subira anaweza kuzihimili, ila apange siku moja ya akiba.

Vipindi vizuri ni viwili. Januari na Februari njia huwa kavu zaidi na mbali kunaonekana vizuri, lakini sehemu ya chini huwa na joto la kuchosha, kwa hiyo ni lazima kuanza mapema sana. Juni hadi Septemba ni wakati wa baridi, ambapo manyunyu na ukungu huja na kuondoka hata mara kadhaa kwa siku, na usiku wa Amani unahitaji sweta na blanketi la maana. Mimi napendelea kipindi hiki cha pili, kwa kuwa mtu hupanda bila kuzidiwa na joto na ukungu wa asubuhi huwaweka ndege na kima karibu na njia. Hata hivyo hakuna mwezi wa kwenda bila koti la mvua.

Vitu vya kubeba

Viatu ndivyo vinavyoamua safari. Raba za mjini zenye soli laini hazifai hata wakati wa kiangazi, kwa sababu majani yaliyooza juu ya udongo wa mfinyanzi huteleza bila mvua yoyote kunyesha. Tafuta viatu vyenye soli ya meno marefu, ambavyo umekwisha kuvivaa wiki kadhaa nyumbani, na soksi ndefu unazoweza kuingizia miguu ya suruali. Suruali yenyewe iwe nyepesi inayokauka upesi. Jinzi ikilowa huwa nzito na haikauki hadi kesho yake.

Beba maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu siku ya kupanda, pamoja na vidonge vya kusafishia maji, maana maji ya vijito hata yakionekana maangavu hayanyweki hivi hivi. Chukua tochi ya kichwani yenye betri mpya, bandeji, chumvi ya ORS, dawa ya mzio, dawa ya kufukuza mbu, na chakula kisichohitaji kupikwa: karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, na machungwa ambayo Muheza ina sifa nayo. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, nunua mapema mkoba usiopitisha maji kwa ajili ya simu, nguo kavu na karatasi zako. Khanga moja au kitenge kitakufaa kwa kujifuta, kujifunika, kukalia na hata kufungia mkono ulioteguka.

Kufika Zigi

Mabasi ya Tanga kutoka Dar es Salaam, Moshi na Arusha hupita Segera na kisha Muheza, ambako ndiko unakoshuka. Kutoka Muheza hadi Zigi ni takriban kilometa 25 za barabara ya udongo. Magari ya abiria yanayopanda Amani si mengi na kwa kawaida huondoka Muheza mchana, hivyo anayetaka kuanza kupanda asubuhi ana njia mbili: kulala Muheza na kuchukua bodaboda au gari la kukodi alfajiri, au kufika Zigi jioni na kulala kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi, ambayo ni vyema kuwasiliana nayo kabla. Njia ya pili ni bora. Usiku wa Zigi una sauti ya mto na vyura, na asubuhi unaamka tayari uko langoni. Lala ndani ya chandarua bila kukosa, kwani ukanda huu wa chini una malaria zaidi kuliko juu.

Ukichukua bodaboda, kubaliana nauli ya hadi langoni kabla ya kupanda, na uulize kama dereva anaijua barabara ya Amani. Mwambie pia aende taratibu kwenye madaraja.

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje hutofautiana, na kuna malipo ya kulala na ya mwongozaji. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha una salio kabla ya kuondoka Muheza, na uitunze stakabadhi yako, kwa sababu unaweza kuombwa kuionyesha ukishafika juu. Usiache kuchukua mwongozaji hata kama umezoea milima. Vijia vya wakulima, vya wakata kuni na vya hifadhi vinakatizana msituni bila vibao vya kutosha, mtandao wa simu hukatika mabondeni, na mwongozaji mzuri huona kinyonga pale ambapo wewe unaona jani. Wengi wao ni wazaliwa wa vijiji vya humu humu. Akiwa amekuzidi umri, mwamkie kwa shikamoo kabla ya kuanza kuuliza bei, na uzungumze naye wazi kuhusu saa mnazotaka kutembea, kasi yenu, na vitu mnavyopenda kuviona.

Kupanda kutoka Zigi hadi Amani

Zigi iko kwenye mwinuko wa kati ya mita 400 na 500 juu ya usawa wa bahari, na Amani iko karibu mita 900. Kwa barabara ni kama kilometa 7, na njia ya miguu hufupisha baadhi ya kona kwa kupanda moja kwa moja. Namba hizi zisikudanganye. Unyevu wa msituni huzuia jasho kukauka, kwa hiyo mwili hupata joto upesi kuliko kwenye mlima mkavu wenye mteremko mkali zaidi. Tenga saa tatu na nusu hadi nne pamoja na mapumziko, na uanze saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi. Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza hatua, usisimame ghafla.

Kabla ya kuondoka langoni, tazama jengo la kituo cha wageni. Lilikuwa nyumba ya mkuu wa kituo cha reli enzi za Wajerumani, wakati reli ndogo ilipojengwa kutoka Tengeni kwa ajili ya kushusha mbao na mazao. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Mto ulio jirani ndio Zigi, ambao maji yake huishia kwenye bwawa la Mabayani na kunywewa na wakazi wa jiji la Tanga. Kwa sababu hiyo usioge kwa sabuni mtoni, usifue, na ukihitaji kujisaidia ukiwa njiani ondoka mbali na maji na uchimbe shimo.

Sehemu ya kwanza ya njia ni msitu wa nyanda za chini, wenye miti mirefu yenye mashina mapana, mitambaazi minene na joto. Hapa tembea kimya. Utasikia hondohondo kabla ya kuwaona, kwa kuwa mabawa yao hutoa uvumi mzito kila wanapopiga hewa, na mbega hujitambulisha kwa ngurumo zao za alfajiri. Penye miamba ya kivuli kando ya vijito, mwombe mwongozaji akuonyeshe ua ambalo limeifanya milima hii ijulikane katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Inama ulitazame kwa karibu: majani mazito ya kijani yenye manyoya mafupi laini, yamejipanga duara huku yamelala juu ya mwamba wenye kuvu na unyevu, na katikati yanachomoza maua madogo ya zambarau yenye kitone cha njano. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, ndiye aliyepeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha kwa jina la ukoo huo. Maua ya vyunguni yanayouzwa dunia nzima yametokana na mimea ya ukanda huu. Usiling'oe, usichume hata jani moja; mengine yamebaki kwenye miamba michache tu, na mwamba ukivuliwa huchukua miaka kufunikwa tena.

Kadiri unavyopanda, joto hupungua, kuvu na kangaga huongezeka kwenye mashina, na unaanza kukuta msambu, mti unaozaa matunda makubwa ya kahawia ambayo mbegu zake hutoa mafuta mazito, nao wenyeji huziokota na kuziuza. Utaona pia mti wenye shina lililonyooka na kivuli chepesi, ambao chini yake miche ya miti mingine ni haba. Huo ni Maesopsis eminii, uliotoka ukanda wa Ziwa Victoria na kupandwa hapa na watu. Hondohondo hupenda matunda yake na kuzitawanya mbegu, hivyo umeingia ndani ya msitu wa asili na kushika mapengo yaliyoachwa na ukataji wa mbao wa miaka iliyopita. Ukishaujua mti huu mmoja, unaweza kusoma mwenyewe ni wapi msitu uliwahi kukatwa na ni wapi haukuguswa, na kwa maoni yangu hilo ni somo kubwa kuliko orodha ndefu ya majina ya ndege.

Siafu, upupu na utelezi

Hatari za njia hizi ni ndogo, ila zinahitaji kujulikana. Siafu huvuka njia kwa safu nyembamba, nyeusi, inayong'aa. Mtu wa mbele apaze sauti, wote wasimame kabla ya safu, kisha kila mmoja aivuke kwa hatua ndefu bila kusimama upande wa pili, kwa sababu walinzi wao hutawanyika mita kadhaa kutoka kwenye safu yenyewe. Wakikupanda, songa mbele kwanza ndipo uwatoe mmoja mmoja kwa vidole.

Upupu hupatikana kwenye mashamba yaliyoachwa na kingo za njia, ukining'iniza maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Usiyaguse. Manyoya yakikupata, usijikune, maana kujikuna huyasambaza. Yabandue kwa udongo wa tope au kitambaa kilicholowa, halafu osha kwa maji mengi.

Nyoka wapo, nao huondoka wakisikia vishindo. Usiingize mkono penye shimo au nyuma ya gogo usipopaona, wala usikae juu ya gogo kabla ya kuligonga kwa fimbo. Hospitali kubwa ya karibu iko Muheza, kwa hiyo mguu ulioteguka ni jambo zito kuliko unavyodhani, na kinachotegua miguu ni kushuka. Unaposhuka kwenye udongo unaoteleza, geuza mwili upande kidogo, piga hatua fupi, tanguliza fimbo, na usishike mti bila kuutazama, kwani baadhi ya mashina yana miiba.

Ukishafika juu

Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo, na bustani yake ya mimea ilijazwa miti kutoka pembe zote za nchi za joto ili kujaribu ni ipi ingeleta faida. Mkwinini ulikuwa mmojawapo, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia gome lake lilitumika hapa kutengeneza kwinini kwa ajili ya askari wa Kijerumani waliokuwa wamekatiwa njia ya bahari. Zunguka bustani jioni ya siku ya kwanza, wakati miguu inapumzika. Haihitaji zaidi ya hapo.

Siku ya pili panda kilima cha Mbomole asubuhi, kabla mawingu hayajafunga. Ni matembezi ya nusu siku, mteremko si mkali, na kukiwa na anga safi unaona jinsi safu za msitu zinavyoteremka kuelekea tambarare ya Muheza na upande wa bahari. Mwenye nguvu zaidi aende Kwamkoro, ambako msitu na mashamba ya chai vimepakana ghafla, giza upande mmoja na mwanga upande wa pili. Pita kwenye barabara za mashamba kwa ruhusa, uwapishe wachumaji chai wenye vikapu, na usimpige picha mtu kabla ya kumwomba.

Upande wa Derema na vijiji vinavyouzunguka, utakuta iliki, pilipili manga inayopanda juu ya mashina, mdalasini na karafuu katika mashamba ya watu. Hapa kila mti una mwenyewe. Piga hodi, salimia, nunua viungo moja kwa moja kwa mkulima ukivihitaji. Fahamu pia kwamba mipaka ya msitu katika eneo hili ni jambo lenye historia: katika miaka ya 2000 wakulima waliokuwa na iliki ndani ya msitu wa Derema walihamishwa na kulipwa fidia ili ukanda huo uunganishe misitu iliyokuwa imetengana. Wakikusimulia hayo, sikiliza kwa heshima bila kuwafundisha thamani ya msitu. Wao ndio walioitoa ardhi.

Usikose matembezi ya usiku, ambayo hufanywa na mwongozaji kati ya saa moja na saa tatu. Baada ya giza kuingia vinyonga hupanda kwenye ncha za vijiti vyembamba na kulala, na ngozi zao hupauka kiasi cha kung'aa kwenye mwanga wa tochi, hivyo ni rahisi kuwaona kuliko mchana. Tafuta kinyonga wa Derema, ambaye dume lake lina pembe tatu puani, na wale vinyonga wadogo wa kahawia wasiozidi urefu wa kidole. Usiwashike, usiwamulike machoni kwa muda mrefu, na mzuie mtoto anayetaka kuvuta tawi.

Kushuka

Magari ya kushuka Muheza huondoka juu alfajiri sana, hivyo mwulize mwenyeji wako usiku uliotangulia na ukae barabarani kabla ya saa kumi na mbili. Ukipenda kushuka kwa miguu, ondoka si baadaye ya saa mbili asubuhi, ufike Zigi ukiwa bado na muda wa kutafuta usafiri. Ndani ya msitu giza huingia mapema, na kufikia saa kumi na moja na nusu jioni hupaswi kuwa njiani bila tochi mkononi.

Kabla ya kupanda gari, safisha viatu. Katika bustani ya Amani kilitoroka kichaka kutoka Amerika ya kitropiki, Clidemia hirta, chenye majani ya manyoya na matunda madogo ya buluu iliyokolea, na sasa kimetapakaa kando ya njia na penye mapengo ya msitu. Mbegu zake ni ndogo mno na hunasa kwenye tope la soli. Zikwangue soli kwa kijiti, zisugue kwa brashi na maji mbali na mto, kagua pindo za suruali na mifuko ya mkoba, hasa kama safari yako ijayo ni Lushoto, Uluguru au vilima vya Shimba nchini Kenya.